Ngome za Wamangi

Ukimtajia mtu ngome, mawazo yake hukimbilia pwani: Fort Jesus ya Mombasa, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, Ngome Kongwe ya Unguja, au Gereza la Kilwa Kisiwani. Mgeni anayeteremka stendi ya Moshi huulizwa kama anapanda mlima au anakwenda mbugani. Habari za maboma hakuna anayemgusia, ilhali Uchagga ulikuwa na ngome za mawe zamani, kabla Mjerumani hajaijua njia ya huku.

Boma la kwanza ni la Horombo, mangi, yaani mtawala, wa Keni huko Rombo, aliyetawala mwanzoni mwa karne ya 19. Keni ilikuwa nchi ndogo tu. Horombo akawapiga majirani mmoja baada ya mwingine, hata upande wote wa mashariki, kutoka Usseri hadi kuikaribia Vunjo, ukamtii. Wazee husimulia kwamba kila nchi iliyoshindwa ilitoa watu wa kubeba mawe na kujenga. Chokaa ya matumbawe waliyokuwa nayo mafundi wa pwani haikuwapo huku. Mawe ya volkano yalipangwa makavu, jiwe likakalishwa juu ya jiwe mpaka ukuta ukasimama kwa uzito wake wenyewe. Horombo aliuawa katika vita na Wamaasai, na alichokiunganisha kikasambaratika upesi. Mmisionari Johannes Rebmann alipofika Uchagga mwaka 1848, mangi huyo alikuwa ameshabaki jina tu. Mabaki ya kuta zake yako Keni hadi leo.

Wasioweza kujenga juu walichimba chini. Kule Marangu na kwingineko Vunjo watu walitoboa mahandaki ya kujificha wao, watoto na ng'ombe pindi adui anapotokea, awe Mmaasai au Mchagga mwenzao wa ng'ambo ya mto. Mlango ulikuwa mdogo makusudi: anayeingia lazima ainame, kichwa kikitangulia, na anayemngoja ndani ana rungu mkononi. Ukiingia leo na tochi, mgongo ukikwaruza dari, huhitaji mwongozaji wa kukueleza kwa nini wavamizi walipendelea kuwasha moto mlangoni.

Lakini ngome iliyogeuza historia ya mlima ilikuwa Kibosho, kwa Mangi Sina. Huyu alikuwa na boma la kuta za mawe na jeshi lililoogopwa kote mlimani. Hasimu wake, Rindi wa Moshi, ambaye Wazungu walimwita Mandara, hakuwa na ubavu wa kumwondoa, ila alikuwa na ulimi. Aliwapokea wageni kutoka pwani mmoja baada ya mwingine, akatia alama kwenye mkataba wa Wajerumani mwaka 1885, na mwaka 1889 wajumbe wake walifika hadi Berlin. Mimi simwiti msaliti kama wengine wanavyomwita. Alifanya hesabu ya mangi yeyote wa wakati ule: adui yangu ni jirani, na huyu mgeni nitamtumia. Februari 1891 Mjerumani Hermann von Wissmann alipanda Kibosho na mizinga, mashujaa wa Rindi wakiwa upande wake, na boma la Sina likaanguka.

Rindi alifariki mwaka huohuo. Mwanawe, Meli, ndiye aliyelipia hesabu ile. Juni 1892 aliwapiga Wajerumani, na kamanda wao, von Bülow, akafa. Agosti 1893 wakarudi na jeshi kubwa chini ya von Schele, wakamshinda. Machi 2, 1900, Meli alinyongwa Old Moshi pamoja na wenzake 18 wa Uchagga, Meru na Arusha, akiwamo Molelia, mwana wa Sina. Kwa hiyo mtoto wa Rindi na mtoto wa Sina waliuawa siku moja. Inaaminika kichwa cha Meli kilipelekwa Ujerumani, na wajukuu wake wamekidai kwa miaka mingi.

Moshi ya Rindi ndiyo hiyo Old Moshi; mji tunaouita Moshi leo ulikua baadaye, huko chini tambarare, baada ya reli ya kutoka Tanga kufika, na jina likashuka pamoja na watu.

Majina ya wamangi yamepanda mlima pia: anayepanda njia ya Marangu hulala kibanda cha Mandara, kisha cha Horombo, takriban mita 3,720 juu ya usawa wa bahari. Zamani vibanda hivyo viliitwa Bismarck na Peters. Mjerumani Carl Peters ndiye aliyewapiga watu wa Rombo mwaka 1891 akiwa Marangu. Baada ya uhuru jina lake likafutwa, la mangi wa Rombo likakaa mahali pake. Huo ni uamuzi uliofanywa kwa akili, na wapagazi wangeufurahisha msafara kama wangeusimulia badala ya kuhesabu saa zilizobaki kufika kileleni.

Ningekuwa mwongoza wageni, ningeanzia Kibosho asubuhi, kisha Old Moshi kwenye mti alionyongewa Meli. Siku ya pili Marangu, mahandaki kwanza, maporomoko ya Kinukamori baadaye, maana ukitoka huko na matope unahitaji maji. Kisha lami ya Rombo kupitia Mwika hadi Mkuu na Keni. Ziwa Chala ningemwachia mwenye muda. Wageni hulijua bila kuambiwa. Keni ningeiweka ya mwisho kwa sababu moja: aliyekwisha kusikia habari za Sina na Rindi atamuuliza mwenyeji wa pale Horombo aliwashindaje majirani zake wote bila bunduki ya mgeni, na hapo mazungumzo hayaishi kwa chupa moja ya mbege.