Daftari la historia kwenye ufuko wa Fizi

Aprili 1858 mitumbwi iliyotoka Ujiji ilivuka Ziwa Tanganyika, ikafika Ubwari, kisha ikaambaa na ufuko wa magharibi kuelekea Uvira. Ndani yake walikuwamo Waingereza wawili waliodhoofishwa na maradhi, Richard Burton na John Speke, wakitafuta chanzo cha Nile. Miaka miwili baadaye Burton alichapisha kitabu, na humo Wabembe wa milima hii wakatajwa kuwa wala watu. Hakuwahi kuishi nao. Alikuwa mpita njia, akitegemea maneno ya wakalimani na wapiga makasia.

Ningepewa kipindi kimoja cha sekondari pale Swima, eneo la Fizi mashariki mwa Kongo, ningeanza na ukurasa huo. Burton aliyasikia haya kwa nani? Msemaji mwenyewe aliwahi kufika milimani? Je, watu wa Ujiji walipata faida gani mgeni akiwaogopa watu wa ng'ambo? Mtoto wa miaka 15 anayeweza kuuliza hivyo ameshaanza kusoma historia, hata kama hajakariri tarehe yoyote.

Swima imekaa kando ya barabara ya Uvira na Baraka, ziwa upande mmoja na milima upande mwingine. Mengi yamepita kwenye ufuko huu, lakini daftari la mwanafunzi limeyapokea machache sana. Sababu yake inaeleweka ukifuata somo lenyewe lilivyobadilika.

Wakati wa Wabelgiji sekondari zilikuwa chache, nyingi mikononi mwa misheni. Humo Mfalme Leopold wa Pili alifundishwa kama mkombozi aliyewafukuza wafanyabiashara wa utumwa. Utomvu wa mpira na watu walioteswa kwa ajili yake havikutajwa. Mobutu alipokuja, nchi ikawa Zaire mwaka 1971, na mwaka 1974 serikali ikazichukua shule za makanisa, somo la dini likaondolewa, mafundisho ya chama cha MPR yakashika nafasi. Mwaka 1977 shule zilirudishwa kwa makanisa kwa mkataba, lakini Mobutu alibaki kuwa kilele cha kila sura ya kitabu.

Na hapo ndipo watoto wa Fizi walipopoteza zaidi. Alfajiri ya Aprili 24, 1965, boti kutoka Kigoma ilimfikisha Che Guevara Kibamba, kusini mwa Baraka, pamoja na kundi la kwanza la Wakyuba waliokuja kuwasaidia waasi wa Kongo. Walijipa majina ya kuhesabia: Víctor Dreke akawa Moja, Che akawa Tatu. Mwishoni mwa Septemba mamluki wa Mike Hoare, waliopigania serikali, walishuka ufukoni karibu na Baraka na kuuteka mji huo kwa mapigano makali. Novemba Wakyuba waliondoka. Desemba 1967 Laurent-Désiré Kabila, mmoja wa viongozi wa waasi hao, aliunda chama chake cha PRP, akakaa kwenye milima ya Fizi kwa miaka mingi. Baba wa mwanafunzi angeweza kuwa alibeba mizigo ya wapiganaji hao, au alichomewa nyumba na wanajeshi waliowasaka, lakini shuleni yote hayo yaliitwa uasi na kuachwa hapo.

Mei 17, 1997, mwasi yuleyule akawa Rais. Leo Januari 16 ni sikukuu ya kumkumbuka Kabila, na siku inayofuata ni ya Lumumba. Wanafunzi wanazijua sikukuu hizo vizuri, kwa kuwa shule inafungwa. Miaka ya Hewa Bora, eneo la PRP milimani, na yale ambayo raia wa milimani waliyapata mikononi mwa serikali na mikononi mwa PRP pia, haina sikukuu. Mwanahistoria Wilungula Cosma aliiandika mwaka 1997 katika kitabu chake juu ya Fizi kati ya 1967 na 1986, lakini kwa Kifaransa, na nakala zake hazikutawanywa madarasani huku.

Vita vya 1996 viliwavusha maelfu hadi Kigoma. Katika kambi za Lugufu na Nyarugusu, watoto wa Fizi walisoma programu ya Kongo katika ardhi ya Tanzania, wakijiandaa kwa mtihani wa taifa wa nchi waliyoikimbia. Wengine wamerudi. Wenzao wa Kigoma, tangu 2024, wana somo la Historia ya Tanzania na Maadili linalofundishwa kwa Kiswahili. Swima mwalimu hufundisha kwa Kifaransa, akiandika ubaoni muhtasari ambao wanafunzi wananakili kwa sababu vitabu havitoshi, na mwisho wa safari unawangoja mtihani wa kuchagua jibu moja. Mtihani wa namna hiyo hauna nafasi ya swali nililoanza nalo juu ya Burton. Kwa maoni yangu, huo ndio upungufu mkubwa kuliko hata uhaba wa vitabu.

Kuna jambo ambalo mwalimu wa hapa hawezi kulikwepa. Kati ya Desemba 30, 1998 na Januari 2, 1999, wanajeshi wa kundi la waasi la RCD na washirika wao waliua watu Makobola na vijiji vya jirani, zaidi ya 800 kwa mujibu wa ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa mwaka 2010. Darasani wamo waliopoteza babu na shangazi. Walimu wengi hunyamaza, wakihofia kwamba somo litageuka kuwa lawama kwa kabila zima. Hofu hiyo naielewa, lakini ukimya unawaachia kazi wachochezi wa barabarani, ambao hawahitaji ushahidi. Darasa linaweza kuuliza ni jeshi gani, lilipewa amri na nani, lilitokea wapi, na kumtenganisha askari na jirani anayezungumza lugha yake.

Mwanahistoria Jan Vansina alishaonyesha mwaka 1961 kwamba simulizi za mdomo ni chanzo halali cha historia, mradi zipimwe. Aliyekuwa na miaka 15 Hoare alipofika Baraka alizaliwa 1950. Wazee hao wamebaki wachache. Mwanafunzi atumwe kwa babu mmoja, aandike anachosimulia kuhusu 1965, kisha mwalimu amtafsirie kurasa za Wilungula na za shajara ya Che juu ya mwezi uleule. Zitapingana, na alama zitolewe kwa anayeeleza kwa nini.