Kalamu nyekundu ya mwalimu wa Kiingereza ilitoka wapi?

Mwanafunzi wetu akiandika "I don't know nothing" katika insha ya Kiingereza, hukatwa alama papo hapo. Huelezwa kwamba vikanushi viwili hubatilishana, kama hasi mbili zinavyozaa chanya katika hesabu. Hebu tujiulize: kanuni hiyo ina umri gani?

Katika karne ya 14, Chaucer alirundika vikanushi katika sentensi moja ili kutia mkazo. Shakespeare naye hakuona haya kukanusha mara mbili. Mwaka 1711, James Greenwood aliandika katika sarufi yake kwamba vikanushi viwili huleta maana ya kukubali. Robert Lowth, kasisi aliyekuja kuwa Askofu wa London, alichapisha sarufi yake mwaka 1762, na katika tanbihi zake akawasahihisha hata Shakespeare na Milton! Kisha mwaka 1795, Lindley Murray, wakili Mmarekani aliyehamia York, alitoa kitabu cha sarufi kilichochapishwa tena na tena pande zote mbili za Atlantiki. Humo shuleni ndimo kanuni ilimoota mizizi.

Je, ni mantiki iliyoamua? La hasha. Kihispania sanifu hukanusha mara mbili hadi leo na maana inabaki kuwa ya kukanusha. Sisi tukisema "hakuna asiyejua", tunamaanisha kila mtu anajua. Kila lugha ina utaratibu wake.

Sisemi walimu watupe kalamu nyekundu. Mtihani unapima Kiingereza sanifu, na mtoto asiyefunzwa usanifu huo ndiye atakayeumia. Ila kusahihisha ni kueleza. Anayeandika "discuss about" huenda amefuata mfano wa "talk about", au hata "kuzungumza kuhusu" ya Kiswahili. Ana sababu, ingawa amekosea. Akionyeshwa kwamba "discuss" hupokea yambwa moja kwa moja, kama "tulijadili suala", hatasahau. Akikebehiwa mbele ya wenzake, basi, kesho ataandika sentensi fupi fupi zisizo na hatari, na insha itakufa.

Kosa la mwanafunzi linaonyesha jinsi anavyofikiri. Mwalimu alisome kwanza, ndipo alipigie mstari.