Pumzi ya Farasi

Kabla motokaa hazijaenea, miji mikubwa ya Ulaya iliendeshwa na farasi. Wao ndio waliovuta magari ya abiria, mikokoteni ya makaa, hata mizinga ya vita. Mwenye farasi aliijua bei ya nafaka aliyomlisha, lakini hakujua ni kiasi gani cha nafaka hiyo kilichogeuka kazi, wala ni mzigo upi uliozidi nguvu za mnyama wake. Aghalabu alilitambua hilo siku farasi alipoanguka njiani.

James Watt, fundi wa mashini za mvuke, alijaribu kupima katika miaka ya 1780. Alikadiria kwamba farasi mmoja aweza kuinua ratili 33,000 kimo cha futi moja kwa dakika moja. Kipimo hicho kingali chatajwa hadi leo. Lakini kilikuwa kipimo cha mwuza mashini, nacho kilimtazama farasi kwa nje tu. Wakati huohuo, mjini Paris, Antoine Lavoisier alionyesha ya kuwa kupumua ni namna ya kuungua: chakula huungua polepole mwilini kwa oksijeni, na afanyaye kazi huitumia nyingi kuliko aliyeketi.

Basi mwanachuoni wa Berlin, Nathan Zuntz, akaziunganisha njia hizo mbili. Mwaka wa 1889, katika chuo cha kilimo cha mji huo, alitengeneza ukanda mpana wenye kuzunguka, ambao farasi aliutembea asifike popote. Ukanda uliweza kuinamishwa ukawa kama mlima. Pumzi ya farasi ilikusanywa kwa mrija uliopitishwa katika tundu lililotobolewa kooni. Sioni haya kusema kwamba jambo hilo lilikuwa zito kwa mnyama asiyeweza kukataa. Hata hivyo, mwaka wa 1898 Zuntz na mwenzake Oscar Hagemann walitoa hesabu ambazo hazijawahi kupatikana. Farasi apandapo mlima, karibu thuluthi moja tu ya nguvu anayoiongeza hugeuka kazi. Zilizobaki huwa joto. Tena, kutafuna nyasi kavu humgharimu nguvu nyingi kuliko kutafuna nafaka, kwa hiyo ratili ya nyasi hailingani na ratili ya nafaka.

Wataalamu waliofuata walichungulia ndani zaidi. Moyo wa farasi aliyetulia hupiga mara 30 hadi 40 kwa dakika. Akienda mbio kwa nguvu zake zote, hupita mara 200. Bandama lake nalo hujikaza na kumwaga mishipani akiba ya chembe nyekundu za damu, ili oksijeni ichukuliwe kwa wingi.

Lakini lile joto halikuacha kuwa hatari. Katika Michezo ya Olimpiki ya Barcelona, mwaka wa 1992, liliwaelemea farasi wa mashindano, na ile ya 1996 ilikuwa ifanyike Atlanta, penye joto na unyevu. Wachungaji wengi wa farasi waliamini kwamba maji baridi humdhuru farasi aliyepata moto, yakaikaza misuli yake. Wataalamu waliijaribu imani hiyo wakaiona si kweli. Na huko Atlanta farasi walimwagiwa maji ya barafu, wakapulizwa kwa feni zenye manyunyu, na njia yao ikapunguzwa.