Nyasi bandia za kurushia (gofu ya visahani)

Nyasi bandia za kurushia ni zulia la nyuzi za plastiki linalotandikwa mahali ambapo mchezaji wa gofu ya visahani husimama kurusha mara ya kwanza katika kila kituo. Mchezo huo kwa sura yake ya sasa ulianza Marekani, ambako uwanja rasmi wa kwanza ulifunguliwa California mwaka 1975. Viwanja vingi huko hutumia zege. Nyasi bandia zimeenea zaidi Ulaya ya Kaskazini, hasa Ufini na Uswidi.

Uchaguzi wa zulia hutegemea zaidi urefu wa nyuzi kuliko bei. Mrushaji hukimbia hatua chache, kisha hugeukia mguu mmoja. Nyuzi ndefu za viwanja vya soka hukamata kiatu na kulielemea goti, na za mapambo ya bustani huteleza zikilowa. Zinazofaa ni fupi, nene na zilizojazwa mchanga, kama za viwanja vya tenisi au hoki. Mara nyingi hununuliwa zikiwa zimetumika.

Eneo la kawaida lina upana wa mita 1.5 hivi na urefu wa mita 3 hadi 4. Udongo huchimbwa, fremu ya mbao zilizotiwa dawa hufungwa, kokoto hushindiliwa kwa tabaka, na juu husawazishwa vumbi la mawe. Zulia huvutwa likakaza, hupigiliwa kwenye fremu, kisha mchanga hufagiliwa ndani. Msingi usiposhindiliwa vizuri, shimo hutokea pale mguu unapogeukia. Mchanga huongezwa kila unapopungua.