Nchi Iliyo Angani

Hadithi za ajabu ni kongwe kuliko vitabu. Katika pwani yetu msimuliaji wa ngano alisema, "Paukwa!" na wasikilizaji wakaitika, "Pakawa!" Mwito huo ulikuwa mapatano. Aliyeitika alikubali kwamba kwa muda ule majini yatatokea, wanyama watasema, na paa ataposa binti wa sultani kwa ajili ya bwana wake maskini. Kisa cha paa huyo kimo katika ngano za Unguja alizozikusanya Edward Steere na kuzichapisha London mwaka 1870.

Ngano ilipoingia kitabuni, mapatano hayo yalikosa mahali. Msomaji huketi peke yake, na mwandishi hasikii itiko lake. Basi mwandishi wa mambo ya ajabu apateje ridhaa ya msomaji wake?

Shaaban Robert, aliyezaliwa karibu na Tanga mwaka 1909, alijibu swali hilo katika kitabu chake Kusadikika, kilichochapishwa mwaka 1951. Jina lenyewe lamaanisha jambo liwezalo kuaminiwa. Ni paukwa iliyoandikwa. Nchi ya Kusadikika iko angani, wala hakuna ramani iwezayo kuionyesha. Lakini tukiisha kuingia humo twakuta mambo tuyajuayo sana: mfalme, mawaziri, fitina na baraza la hukumu. Karama ashitakiwa na waziri Majivuno kwa kuwafundisha watu elimu ya sheria. Katika kujitetea asimulia habari za wajumbe sita waliosafiri mbali kutafuta manufaa ya nchi yao, nao waliporudi wakalipwa kifungo.

Hapo ndipo ufundi ulipo. Nchi ni ya ajabu, lakini dhuluma yake si ya ajabu. Msomaji akubali nchi kuelea hewani kwa sababu aitambua hofu ya mtu mnyonge mbele ya wenye nguvu.

Tukumbuke pia kwamba mwaka 1951 Tanganyika ilitawaliwa na Uingereza, na mwandishi alikuwa mtumishi wa serikali hiyo. Maneno ambayo mtumishi asingeweza kuyatamka waziwazi yaliweza kutamkwa na Karama huko angani. Wasomaji wengi wameona katika kisa hicho kivuli cha ukoloni. Wengine waona kivuli cha kila utawala uchukiao kuambiwa kweli.

Katika Adili na Nduguze, kitabu cha mwaka 1952, ajabu ina sheria yake. Ndugu wawili wenye husuda wageuzwa manyani kwa uovu wao. Adili naye alazimika kuwapiga kila usiku, ingawa awahurumia. Uchawi huo haukuja bure: waliotenda waadhibiwa, na aliyetendewa abeba sehemu ya mzigo.

Kijana atakaye kutunga hadithi za namna hii asidhani kwamba kazi yake ni kurundika maajabu. Mtu akiweza kila jambo katika hadithi, hakuna litakalomtisha, na msomaji hatamwogopea. Mtunzi na aweke mipaka ya nchi yake, kisha aitii mwenyewe. Na msomaji afungapo kitabu cha nchi iliyo angani, ajiulize ni nani katika nchi yake mwenyewe aliyefungwa kwa kuileta faida nyumbani.