Urujuani wa Usambara: kromosomu na vinasaba vilivyolihamisha ua la Afrika Mashariki

Ua dogo la rangi ya zambarau linalouzwa katika vyungu kote Ulaya na Marekani, na ambalo Wajerumani huliita urujuani wa Usambara, halina udugu wowote na urujuani. Asili yake ni misitu ya Tanzania na ya kusini-mashariki mwa Kenya. Kwa zaidi ya miaka mia moja wataalamu wa mimea walilihesabu kuwa jenasi inayojitegemea, Saintpaulia. Sasa jenasi hiyo imeondolewa na kuwa tawi tu la jenasi nyingine, Streptocarpus.

Jina la Saintpaulia lilitokana na Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani aliyekuwa Tanga wakati wa ukoloni. Alimpelekea baba yake mmea huo Ujerumani, nao ukafika mikononi mwa Hermann Wendland, msimamizi wa bustani za Herrenhausen mjini Hannover. Mwaka 1893 Wendland aliuandika rasmi kwa jina la Saintpaulia ionantha, yaani wenye maua yanayofanana na urujuani. Waliokuwa wakiishi Usambara, bila shaka, walikuwa wakiuona kwenye miamba ya mito yao muda mrefu kabla ya hapo.

Wendland hakukosea kwa uzembe. Aliainisha kwa kutazama alichokiona. Streptocarpus, jenasi iliyopewa jina hilo na John Lindley mwaka 1828, hutambulikana kwa tunda lake refu lililosokotwa kama kamba, na jina lenyewe kwa Kigiriki lina maana ya tunda lililopindwa. Maua yake mengi yana umbo la tarumbeta. Mmea wa Usambara una tunda lisilosokotwa, ua lililo bapa lenye shina fupi la petali, na vifuko vya chavua vya manjano vilivyojitokeza wazi mbele ya nyuki. Majani yake yamejipanga duara karibu na ardhi. Kwa macho peke yake, kuuweka kando kulikuwa uamuzi wa busara.

Dokezo la kwanza kwamba macho yanaweza kudanganya lilitoka ndani ya seli. Kromosomu ni nyuzi zinazobeba vinasaba, na idadi yake kwa kawaida haibadiliki ovyo kutoka kizazi hadi kizazi. Ili kuzihesabu, mtaalamu huchukua ncha changa ya mzizi, mahali ambapo seli zinagawanyika kwa wingi, huitia rangi, huibana kwenye kioo na kuitazama kwa hadubini. Streptocarpus iligundulika kuwa na makundi mawili. Kundi moja, ambalo wawakilishi wake wengi wako Afrika Kusini na baadhi yao huishi maisha yao yote na jani moja tu, lina jozi 16. Kundi la pili, la mimea ambayo aghalabu ina mashina na hupatikana Afrika Mashariki na Madagaska, lina jozi 15. Saintpaulia nayo ina jozi 15.

Hesabu hiyo haikutosha kuamua. Mimea miwili inaweza kuwa na idadi sawa kwa sadfa, kama vile watu wawili wasio na undugu wanavyoweza kuwa na watoto wangapi sawa. Ushahidi mzito zaidi ulichapishwa mwaka 1997, pale Michael Möller na Quentin Cronk walipolinganisha herufi za kipande cha DNA kilicho kati ya jeni za ribosomu. Saintpaulia haikukaa kando ya Streptocarpus. Ilikaa ndani yake, katikati ya jamaa zake wenye jozi 15. Kwa maneno mengine, baadhi ya Streptocarpus za Afrika Mashariki ni ndugu wa karibu zaidi wa Saintpaulia kuliko walivyo ndugu wa Streptocarpus za Afrika Kusini walioshiriki nao jina.

Hapo palikuwa na njia mbili: kuivunja Streptocarpus vipande vipande, au kuipanua imeze jamaa zake. Mwaka 2012 majina ya kwanza yalihamishwa. Mwaka 2015 Kanae Nishii, Möller na wenzao walichapisha uchambuzi mpana uliochukua njia ya pili kikamilifu, na jenasi nyingine ndogo za Afrika na Madagaska, ikiwamo Linnaeopsis ya milima ya Tanzania, zikaingizwa humo pia. Mgawanyiko wa vinasaba ulilingana na idadi ya kromosomu na jiografia. Umbo la ua na la tunda ndilo lililopotosha. Kwa kuwa Streptocarpus ni jina la zamani zaidi, ndilo lililobaki, na ua la Tanga likawa Streptocarpus ionanthus.

Mabadiliko mengine yana uzito zaidi kwa misitu yenyewe. Zamani Saintpaulia ilihesabiwa kuwa na spishi zaidi ya 20. Mwaka 2006, katika kitabu cha mimea ya Afrika Mashariki ya kitropiki, Iain Darbyshire alizipunguza kuwa sita, na nyingi zikawa nususpishi za ionantha. Miongoni mwa hizo ni rupicola, inayoshikilia miamba ya chokaa katika Kilifi. Mmea unaposhushwa cheo hivyo, ni rahisi kupotea chini ya jina la jamaa yake aliyeenea zaidi, hata kama kilima chake ni kimoja na kinafyekwa. Teitensis, inayojulikana katika kilima cha Mbololo pekee huko Taita, ilibaki spishi. Mimea hii huhitaji kivuli na unyevu wa miamba; miti ya juu ikikatwa, jua huikausha.

Wakati huohuo, aina za kibiashara zilizalishwa kutokana na mbegu chache zilizoondoka zamani. Katika miaka ya 1920 bustani ya Armacost na Royston ya Los Angeles iliotesha mbegu zilizotoka Ujerumani na Uingereza, ikachagua aina kumi zilizoanzisha biashara kubwa ya Marekani. Itifaki ya Nagoya kuhusu kugawana faida ya rasilimali za vinasaba ilipitishwa mwaka 2010, na mimea hiyo ilikuwa imekwisha kuvuka bahari. Vibao vya vyungu vingi madukani bado vinasoma Saintpaulia.