Barua pepe muhimu isikupite: kupanga vichujio kwenye Thunderbird

Unasubiri jibu la ufadhili wa masomo wa DAFI, au jibu la kazi? Barua moja ikizama kati ya matangazo mia, siku ya mwisho ya kujibu inaweza kupita hujaiona. Thunderbird ni programu ya bure ya kompyuta ya kusomea barua pepe, na unaweza kuiwekea sheria, yaani vichujio, ikupangie barua zinapoingia.

Kuanza

Unapoongeza akaunti yako, chagua IMAP, si POP. Kwa POP, barua hushushwa kwenye kompyuta hiyo, na zisipoachwa kwenye seva hutazipata tena kwenye simu.

Kisha bofya "Tools", "Message Filters", halafu "New". Kwenye Windows, kama menyu haionekani, bonyeza kitufe cha Alt. Ipe sheria jina. Kwenye sharti chagua "From" na "ends with", uandike @unhcr.org. Ukichagua "contains" na kuandika unhcr peke yake, hata mtu aliyejibandika jina hilo ataingia. Chini, chagua barua iwekewe nyota au ihamishiwe kwenye folda. Sisi tunapendelea nyota: barua hubaki palepale unapoiona.

Ila nyota si uthibitisho. Anwani ya mtumaji inaweza kughushiwa. Huduma za UNHCR ni za bure, kwa hiyo barua inayodai pesa ni ya utapeli hata ikiwa na nyota.

Sheria haifanyi kazi?

Kosa linalowasumbua wengi ni hili: umeandika @unhcr.org na @iom.int katika sheria moja, ukaacha "Match all". Hapo unadai barua itoke kote kuwili kwa wakati mmoja, jambo lisilowezekana. Badilisha iwe "Match any".

Kama bado, angalia kwamba sheria ina alama ya tiki na kwamba programu iko wazi. Ukiifunga, vichujio navyo vinalala. Kwa barua zilizokwisha kuingia, bofya "Run Now". Sheria husomwa kuanzia juu, hivyo iliyo muhimu iweke ya kwanza, kabla nyingine haijaihamisha barua. "Filter Log" ikiwashwa huonyesha ni sheria ipi iliyogusa barua ipi.

Pia fungua folda ya Spam wewe mwenyewe. Mara nyingi barua hutupwa humo na kampuni inayotoa huduma ya barua pepe kabla kichujio chako hakijaiona.

Na usiweke sheria ya kufuta barua mpaka uijaribu kwanza. Zihamishie kwenye folda, uzipitie kwa wiki mbili.

Kompyuta ya watu wengi

Usiweke akaunti yako kwenye Thunderbird ya kompyuta ya kituo. Anayekuja baada yako anaweza kusoma barua zako, pamoja na zinazohusu kesi yako ya ukimbizi. Kama huna kompyuta yako, tengeneza vichujio ndani ya Gmail yenyewe kupitia kivinjari, kisha utoke kwenye akaunti. Hivyo hufanya kazi hata kompyuta ikizimwa.